Kwa Nini Pweza Anapanda Bei, na Sisi Wenye Harusi Tufanye Nini



Mabibi harusi, mama zetu na mashoga zetu wa Unguja, Pemba na kwengine kote mnakotusoma, leo tumeweka pembeni mambo ya shela, mitandio na hina. Leo tunazungumza pweza. Katika chumba chetu cha ushoni, baada ya swali la "gauni litakuwa tayari lini", maneno tunayoyasikia zaidi ni haya: "Pweza siku hizi hashikiki."

Mtasema, mafundi cherehani na pweza wapi na wapi? Basi sikilizeni. Bibi harusi anapokuja kupimwa, mama yake au shangazi yake hukaa kwenye kiti cha pembeni na karatasi ya mahesabu mkononi. Karatasi ile sisi tunaijua vizuri. Mstari wa chakula ukipanda, mstari wa nguo hushuka. Shanga hupunguzwa, bitana hubadilishwa, na gauni la siku ya pili linageuka kuwa la kuazima. Kwa hiyo bei ya kitoweo sokoni inaingia mpaka kwenye mkasi wetu. Ndiyo maana tumeuliza, tumesoma, tumekaa na akina mama wanaokwenda pwani, na leo tunawaletea tuliyoyapata.

Pweza kwetu ni nini

Hakuna haja ya kuwaeleza sana. Mwezi wa Ramadhani, sahani ya pweza wa nazi na muhogo ni futari inayomfanya mtu aitazame saa kila dakika. Jioni Forodhani yumo juu ya makaa, anauzwa kwa kipande. Katika fungate, nyumba nyingi hupenda kumpeleka mezani kwa bwana harusi, na supu yake watu wanaisifu kwa mambo ambayo hatutayaandika hapa, mtaulizana wenyewe.

Wazee wetu wanatuhadithia kuwa zamani pweza alikuwa kitoweo cha mtu wa pwani ambaye hana pesa ya nguru. Mama anashuka maji yakitoka, anarudi na pweza wawili, mmoja wa chungu chake na mmoja wa jirani. Leo pweza yule yule anaulizwa bei na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mwamba ule. Habari nzima ya bei inaanzia hapo.

Walaji wameongezeka, mwamba ni ule ule

Tuanze na hesabu nyepesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Ndani ya miaka 10 tumeongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu, na wote tunapenda pweza wa nazi.

Juu yetu sisi kuna wageni. Mwaka 2023 Zanzibar iliingiza watalii zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 wakapita 700,000. Mgeni anataka kula cha baharini, naye amelala hoteli ya ufukweni, hatua chache kutoka pale pale mama zetu wanapochokoa pweza. Mnunuzi wa hoteli anamfikia pweza kabla hajapanda gari la kuja Darajani au Mwanakwerekwe. Anayefika mjini ni yule aliyebaki, na juu yake imeongezwa nauli, barafu na faida ya kila mkono uliomshika.

Hatuwalaumu wageni. Wako watoto wetu wanaofanya kazi kwenye hoteli hizo, na wako wateja wetu ambao mishahara ya huko ndiyo iliyolipia magauni yao. Tunalosema ni kwamba mwamba haukuongezeka hata pima moja, na wanaotaka kula kutoka kwenye mwamba huo wameongezeka mara nyingi.

Pweza wetu anakula safari

Tangu miaka ya 1990, wanunuzi wa viwanda vya kugandisha samaki vya Tanzania wamekuwa wakikusanya pweza katika vijiji vya pwani na kumpeleka nje, hasa Italia, Ureno na Uhispania. Mtu anakuja na deli la barafu na mizani, anakaa chini ya mnazi, anasubiri maji yajae na akina mama warudi. Pweza anapimwa pale pale na pesa inatolewa pale pale.

Hapa pana jambo ambalo wengi hatulifikirii. Ulaya hula pweza mwingi kutoka Morocco na Mauritania. Nchi hizo zina misimu ya kufunga uvuvi wa pweza ili apate kuzaa. Wakifunga, au wakivua kidogo, wanunuzi huangalia kwengine. Kwa hivyo mwanamke wa Kizimkazi au wa Kisiwa Panza anaweza kuongezewa bei kwa sababu ya jambo lililotokea bahari nyengine kabisa, na sisi wa mjini tukaambiwa tu, "pweza kapanda."

Halafu pweza si kuku. Kuku akipanda bei watu hujenga mabanda, na baada ya miezi michache kuku wanajaa. Pweza hafugiki kirahisi hivyo. Vifaranga vyake wakitoka kwenye mayai ni vidogo mno, vinachukuliwa na maji, na kuvilisha mpaka vikue kumewasumbua sana hata watu wenye pesa nyingi na maabara kubwa. Kwa hiyo duniani kote karibu pweza wote wanaoliwa ni wa kuchokolewa na kuvuliwa baharini. Wanaomtaka wakizidi, kinachoongezeka ni bei.

Mama anayekufa akilinda mayai

Jambo hili tulipolisoma lilitunyamazisha kidogo chumbani. Pweza wetu wa mwambani umri wake ni mwaka mmoja hivi, akizidi sana mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huingia shimoni, hutundika mayai yake kwa maelfu na maelfu, kisha hukaa kuyalinda na kuyapepea maji kwa wiki kadhaa bila ya kula. Mayai yakianguliwa, yeye hufa. SubhanaAllah.

Maana yake ni nini kwa bei? Maana yake kila pweza anayetolewa kabla hajataga, ameondoka na kizazi chake chote, kwani hakuna mwakani kwake. Na kwa vile anakua haraka sana, kumwacha miezi miwili au mitatu tu kunamtoa kwenye ukubwa wa kiganja mpaka kilo na zaidi. Tanzania Bara, kanuni za uvuvi zimeweka kiwango cha gramu 500: pweza wa chini ya hapo asivuliwe. Lakini nendeni sokoni mkaangalie beseni. Wapo ambao hata gramu 300 hawafiki, na wanauzika, kwa sababu sisi tunanunua. Tena tunawaita "laini".

Mwamba umechoka

Pweza anaishi kwenye matundu ya mwamba na matumbawe. Matumbawe hayapendi bahari ikipata joto. Yanageuka meupe, na joto likikaa sana yanakufa. Katika bahari yetu hii ya Hindi ya magharibi jambo hilo lilitokea kwa nguvu mwaka 1998, likatokea tena 2016, likatokea tena 2024. Ongeza nondo na vijiti vinavyovunja mwamba ili pweza atoke, na miguu mingi inayokanyaga kila maji yakitoka.

Ongeza na miwani. Zamani kazi ya kuchokoa pweza katika vijiji vingi ilikuwa ya wanawake na watoto, kwa miguu, pale maji yanapofika magotini. Bei ilipokuwa nzuri wanaume nao wakaingia, wakiwa na miwani ya kuzamia, mikuki na boti. Wao wanafika kwenye kina ambako pweza wakubwa walikuwa wakijificha. Mama wa miguu anabakiwa na ukingo wa mwamba, na pweza anaowakuta pale ni wadogo na ni wachache. Anatembea mbali zaidi na anarudi na kidogo zaidi.

Nyongeza inakwenda kwa nani?

Tulikuwa tukidhani kuwa bei ikipanda mjini, basi anayetajirika ni yule aliyeloa maji. Mafundi wenzetu mtaelewa haraka kwa nini haiwi hivyo. Gauni linapouzwa ghali dukani, je, aliyelishona anapata zaidi? Mara nyingi anapata ile ile ya ushoni.

Mama wa pwani hana barafu, hana gari, na pweza haungoji. Akikataa bei ya mwenye deli, pweza anaharibika mkononi mwake. Wengine wameshapewa pesa za mbele na tajiri, au wamekopeshwa mchele, kwa hiyo pweza wao ana mwenyewe kabla hajatoka shimoni. Bei ya mjini wanaisikia kama sisi tunavyosikia bei ya dhahabu ya Dubai.

Dini yetu imelisemea jambo hili miaka mingi sana. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza watu kuutokea msafara njiani na kununua mali kabla haijafika sokoni, na muuzaji aliyenunuliwa hivyo akapewa haki ya kurudisha biashara akifika sokoni na kuijua bei. Sisi si wanazuoni, na kila mwenye deli si dhalimu. Wengi wanajitafutia riziki na wanabeba hasara ya barafu na ya njia. Lakini makusudio tunayaona: asiyejua bei asifanywe mtaji wa anayeijua.

Na kuna hadithi nyengine, iliyopokewa na Anas (r.a.). Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Bwana Mtume (s.a.w.) awapangie bei. Hakukubali. Alichelea kukutana na Mola wake huku kuna mtu anamdai dhulma katika mali yake. Tunapokaa na kusema "serikali imshushe pweza bei", tujiulize kwanza atakayeshushiwa ni nani. Tukishusha kwa amri, wa mwanzo kuumia ni yule aliyeinama mwambani tangu alfajiri.

Daftari letu na maji ya bamvua

Hapa tuwape jambo moja la chumbani kwetu. Tuna mteja mmoja, mama wa kijiji cha kusini, alikuja kumshonea binti yake gauni la harusi na la kutokea. Alitaka kulipa kidogo kidogo, tukakubaliana. Baada ya miezi miwili tulipolifungua daftari tuliona kitu: malipo yake yote yako katika siku za kuandama mwezi na siku za mwezi kumi na tano. Katikati hakuna hata shilingi.

Tukamuuliza kama ana mchezo wa kupeana. Akacheka. "Mchezo wangu ni bamvua, wanangu," alisema.

Maji hutoka sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo ndizo za bamvua, mwamba unakaa wazi, na mama wa miguu anapata kufika mbali. Kwenye mwezi saba, nane, na kwenye ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu. Hayatoki vya kutosha na yeye anabaki nyumbani. Mwezi wa Kiislamu uleule tunaousubiri kwa ajili ya saumu ndio kalenda yake ya kazi. Gauni lile lilishonwa kwa bamvua sita.

Lingekuwa la bamvua nne, lakini kijiji chao kilifunga mwamba.

Kufunga mwamba: dawa chungu

Kufunga mwamba ni hivi: kijiji, kupitia kamati yake ya wavuvi ya shehia, kinakubaliana kuacha kuchokoa pweza katika sehemu fulani kwa miezi kama mitatu, pweza akue na ataga. Siku ikifika, wanafungua wote pamoja. Jambo hili lilipata sifa kutoka Andavadoaka, kijiji cha wavuvi wa Kivezo huko Madagaska, walipoanza mwaka 2004. Kwetu limefanywa Kisiwa Panza kule Pemba, limefanywa Kizimkazi na vijiji vyengine. Faida yake ipo. Pweza wanaotoka siku ya kufungua ni wakubwa, watu wanarudi na vikapu vizito, na waliotaga wametaga.

Lakini mama wetu wa daftari alitueleza upande ambao haupigwi picha. Sehemu iliyofungwa ni ile ya karibu, anayofika kwa miguu. Mwenye boti alikwenda kwengine akaendelea kuvua. Yeye hana boti. Miezi mitatu alibaki na mwani tu, na mwani haulipi gauni. Alikuja kutuambia kwa aibu kuwa mwezi huo hana kitu. Tukamwambia nguo haiozi, akae atulie.

Siku ya kufungua alipata pweza wanne, mmoja hakuwahi kumuona mkubwa kama yule tangu usichana wake. Alhamdulillah. Lakini siku hiyo kila mtu alikuwa na pweza. Wazamiaji walikuja mpaka kutoka vijiji vya mbali. Wenye madeli walipoona pweza wamejaa ufukweni wakashusha bei, na asiye na barafu akauza kwa ile ile. Aliuza watatu. Yule mkubwa alikataa kumuuza, akaomba pembe ya friji kwa jirani, kwa ajili ya fungate ya mwanawe.

Tulimuuliza, basi kufunga ni kubaya? Akajibu, "Si kubaya. Tusipofunga, mjukuu wangu atamjua pweza kwenye simu. Lakini na sisi wa miguu tufikiriwe."

Neno lake hilo sisi tunaliona ni zito. Pweza akifungiwa anaongezeka, na akiongezeka bei inapoa, sote tunafurahi. Aliyelipa gharama ya furaha hiyo ni mwanamke aliyekaa miezi mitatu bila ya bamvua. Kijiji kinachofunga mwamba kikiwa na friji lao, au akiba ya kuwakopesha akina mama miezi ile, au zamu ya kuwatanguliza wa miguu siku ya kufungua, uzito unagawana. Na wenye uwezo miongoni mwetu wanaotafuta sadaka ya kutoa, friji la pamoja la akina mama wa kijiji ni sadaka inayoendelea, inshaAllah.

Sasa tuje kwa bibi harusi

Tufanye hesabu ya jikoni, maana wengi wanaikosea. Pweza akichemshwa hunywea, hupungua karibu nusu ya uzito. Ukimpa kila mgeni gramu 100 za pweza aliyeiva, unahitaji gramu 200 za mbichi. Wageni 300 ni kilo 60. Wakiwa pweza wa kilo moja moja, ni pweza 60. Tuseme mama mmoja anarudi na pweza watatu siku njema ya bamvua. Basi walima wako umekula siku nzima ya kazi ya akina mama 20. Na ukinunua wale wadogo wa gramu 300, ni pweza 200 ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kutaga. Halafu tunashangaa kwa nini mwaka ujao ni ghali zaidi.

Ushauri wetu ni huu:

1. Pweza asiwe chakula cha wageni wote. Mpikie pilau au biriani umma, na pweza awe wa fungate, au wa meza ya wakwe, ambako kilo tatu nne zinatosha na zinaonekana.

2. Nunua kwa kalenda. Siku za bamvua, yaani kuandama mwezi na siku chache baadaye, na kumi na tano na siku chache baadaye, ndipo pweza anapopatikana kwa wingi. Maji mafu ndipo anapokuwa adimu. Pweza anakubali friji. Tena akigandishwa analainika, na hutamwangusha mtu kumponda. Nunua mapema, safisha, weka.

3. Usinunue mdogo. Akiwa chini ya nusu kilo, mwache. Ukishunuliwa na muuzaji kuwa huyu ndiye laini, mwambie unamtaka mamaye.

4. Kama una jamaa kijijini, agiza kwake moja kwa moja na umlipe bei inayokaribia ya mjini. Wewe utaokoa kidogo, naye ataongezewa kidogo, na kila mmoja ataridhika.

5. Uliza wakwe. Sisi wa madhehebu ya Shafi pweza ni halali yetu bila ya wasiwasi. Ukiolewa katika nyumba ya Kihanafi, wengi wao hawali cha baharini kisichokuwa samaki. Usije ukatumia pesa zote hizo na sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

6. Usimkate ndugu yako bei kwa kumdhalilisha. Kupatana bei ni sunna ya soko, lakini maneno ya "mdudu huyu tu wa mwambani" yanaumiza. Sisi tunaoambiwa "kipande hiki tu cha kitambaa" tunajua yanavyochoma.

Na zaidi ya yote, msiharibiane ndoa kwa ajili ya menyu. Tumeona mahari ya binti yanaingizwa katika chakula, na mahari ni haki yake yeye mwenyewe. Tumeona bwana harusi anaingia deni la mwaka mzima kwa sababu harusi ya jirani ilikuwa na pweza. Dini yetu imetukataza israfu, na imetufunza kuwa walima ni wa kadiri ya uwezo. Bwana Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bibi Safiyya (r.a.), walima wake ulikuwa wa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Hapakuwa na nyama wala mkate. Nani leo atasema harusi ile ilipungua kitu?

Kwa hiyo, mashoga zetu, tukiulizwa kwa nini pweza anapanda bei, jibu letu ni moja. Anatakiwa na wengi, mwamba ni ule ule, na tunamtoa kabla hajakua. Bei hiyo haitashuka kwa kulalamika darajani wala kwa kumbana mama aliyemleta. Itapoa siku tutakapomwachia pweza muda wake, na tukakubali kubeba pamoja gharama ya kumsubiri.

Yule binti wa kusini ameolewa, alhamdulillah, gauni lilimkaa vizuri, na deni limefutwa daftarini. Mola ambariki katika ndoa yake, na ambariki mama yake kila maji yanapotoka. Mola awape mabibi harusi wetu wote waume wema, nyumba zenye utulivu na vyungu vyenye baraka, viwe vya pweza au vya dagaa. Amin.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumza namna ya kuchagua bitana kwa gauni la siku za joto. Mwenye njia yake ya kumpika pweza mmoja akawatosha watu kumi, atuandikie tuwafikishie wenzetu.

Wabillahi tawfiq.